Mlinzi halipwi kwa kukaa

Watu wengi husema kazi ya ulinzi ni kazi ya kukaa: unapewa kiti, kirungu na daftari la wageni, kunakucha, unalipwa. Wakishaamini hivyo, wanaona mlinzi hana haki ya kudai saa za ziada, maana jasho lenyewe halionekani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, haipimi jasho. Inapima saa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada, zinalipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na hazitakiwi kupita 50 katika wiki nne. Kila saa ya kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo.

Sasa mchukue mlinzi anayeingia lindo jioni na kutoka asubuhi, saa 12, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72, yaani 27 za ziada. Kwa wiki nne zinafika 108, zaidi ya mara mbili ya kikomo.

Na muda wote huo hawezi kwenda kumwangalia mtoto anayeumwa, wala kulala. Akisinzia anaweza kufukuzwa. Muda ambao huna ruhusa ya kuutumia kwa mambo yako ni kazi, hata kama umekaa kitini.