Theda Bara hakuzaliwa jangwani

Jina lenyewe linatuchekesha sisi wasemaji wa Kiswahili hata kabla hatujauliza mwenyewe alikuwa nani. Hili Bara, la mwigizaji Mmarekani wa sinema bubu, halina uhusiano na bara lolote. Mwaka 1915 wapiga debe wa kampuni ya filamu ya Fox waliwatangazia Wamarekani kwamba herufi za "Theda Bara" ukizichanganya na kuzipanga upya unapata maneno ya Kiingereza "Arab death", yaani "kifo cha Kiarabu". Hilo ni kweli, chukua kalamu ujaribu. Kilicho uongo ni kwamba jina lilitungwa kwa ajili hiyo. Theda ni kifupi cha Theodosia, jina alilopewa na wazazi wake, na Bara, kama inavyosimuliwa, imekatwa kutoka Baranger, jina la jamaa yake.

Ila uzushi uliokomaa zaidi ni ule wa kuzaliwa kwake. Utausikia hata leo: alizaliwa Sahara, kwenye kivuli cha Sphinx, mama mwigizaji wa Kifaransa, baba mchongaji wa Kiitalia, akanyonyeshwa siri za Misri ya kale. (Sphinx, ile sanamu kubwa ya kale ya simba mwenye kichwa cha mtu, iko Giza, pembeni mwa Cairo, lakini nani angejisumbua kuuliza?) Ukweli ni kwamba alizaliwa Cincinnati, Ohio, tarehe 29 Julai 1885, na jina lake ni Theodosia Burr Goodman. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Myahudi aliyehamia kutoka Poland. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Uswisi. Binti alisoma Chuo Kikuu cha Cincinnati kwa miaka miwili, kisha akaenda New York kutafuta riziki kwenye majukwaa ya maigizo. Kufikia alipopata umaarufu alikuwa anakaribia miaka 30, umri ambao kampuni iliupunguza bila haya.

Stori ya Misri ilizinduliwa rasmi Chicago, mbele ya waandishi wa habari. Inasimuliwa kwamba chumba kilipashwa joto kali, kikajazwa maua na mapazia mazito, na Theda akaketi katikati amejifunika manyoya, akiongea kwa lafudhi ya ugenini. Wageni walipoondoka alikimbilia dirishani kutafuta hewa. Magazeti mengi hayakuamini hata kidogo, lakini habari ya namna ile ilikuwa inauza, kwa hiyo wakaichapa. Afrika na Uarabuni, kwa watu wale, zilikuwa kabati la kuazimia vitisho. Mwaka 1917 familia nzima ya Goodman ikabadili jina kisheria na kuitwa Bara.

Halafu kuna hili la kwamba alikuwa akicheza filamu za kutisha, mtu wa meno marefu na majeneza. Kosa linaeleweka, kwa sababu matangazo yalimwita mnyonya damu, na zipo picha zake akiwa ameinamia mifupa ya binadamu. Lakini hakuwa mumiani. Katika A Fool There Was ya 1915, filamu iliyomtoa, anamnasa mwanasheria tajiri ambaye yuko safarini kwenda Ulaya, anamtenga na mkewe na mtoto wake, na kumwacha amekwisha kwa ulevi. Hakuna damu inayonywewa. Kwa lugha ya vijana wa Dar, yule ni mchuna mabuzi. Kiingereza kikapata neno jipya la mitaani kwa mwanamke wa aina hiyo, vamp, na jina lake likashikamana nalo.

Hata hivyo si kila nafasi aliyopewa ilikuwa ya mwanamke mwovu. Katika miaka mitano na Fox alicheza filamu karibu 40, nyingi mjini Fort Lee, New Jersey, na baadaye California. Alikuwa Carmen, alikuwa Juliet. Mwaka 1919 alicheza binti wa kijijini Ireland, na baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Ireland wakaandamana kwa hasira.

"Sauti ndiyo iliyommaliza." Sentensi hii husemwa juu ya karibu kila mwigizaji wa sinema bubu, na kwake haina mashiko kabisa. Mkataba wake na Fox ulikwisha 1919. Filamu iliyofungua mlango wa sinema za sauti, The Jazz Singer, ilitoka Oktoba 1927. Katikati hapo alirudi jukwaani New York mwaka 1920, akaongea kila usiku mbele ya watu. Wahakiki walimcheka lakini tiketi ziliuzwa. Mwaka 1921 akaolewa na mwongozaji Charles Brabin. Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1926, ni kichekesho kifupi. Kilichomchosha mtazamaji, kwa maoni yangu, ni ule upishi mmoja uliorudiwa mara kwa mara mpaka ukakosa ladha.

Na wale wanaosema wamemwona akiwa Cleopatra? Wameona picha za mnato. Ile yenye nyoka wawili waliojiviringisha kifuani imezunguka dunia nzima, kiasi kwamba mtu anaapa aliitazama filamu yenyewe. Cleopatra ya 1917 imepotea. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachooza taratibu na kuwaka chenyewe kwenye joto, na mle ndani hewa haikupita vizuri. Karibu kazi yote ya Theda ilikuwa humo. Vya Cleopatra vimebaki vipande vifupi tu.

Alifariki Los Angeles tarehe 7 Aprili 1955, akiwa na miaka 69. Anayetaka kumwona kazini atafute East Lynne ya 1916, mojawapo ya chache zilizosalimika. Humo hakuna nyoka wala piramidi. Yeye ni mama aliyepoteza ndoa yake, anarudi nyumbani kwa kujificha, akiwauguza watoto wasiojua yeye ni nani.