Kazi ya Msanii Aliyefariki: Akili Mnemba Iguse Wapi, Iache Wapi

Msanii akifariki akiacha kazi nusu, fungua kwanza kabati lake ndipo ufungue kompyuta. Kaseti yenye sauti kamili iliyojaa kelele si sawa na rasimu ya mistari michache, wala rasimu hiyo si sawa na nafasi tupu. Zote tatu huitwa "kukamilisha", na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kaseti haina ubishi mkubwa. "Now and Then", wimbo wa kundi la Uingereza la Beatles uliotoka Novemba 2023, ulitokana na kaseti ambayo mwanakundi John Lennon, aliyefariki 1980, alijirekodi akiimba na kupiga piano miaka ya 1970. Wenzake walijaribu kuumalizia wimbo huo katikati ya miaka ya 1990 wakakwama, kwa kuwa piano iliifunika sauti. Baadaye akili mnemba ikavitenganisha viwili hivyo. Haikumtungia Lennon neno hata moja. Anayesikika ni yeye.

Rasimu ndiyo yenye kazi ngumu. Mtunzi Beethoven alifariki 1827 akiacha vipande tu vya simfonia ya kumi, na toleo lililotungwa kwa msaada wa akili mnemba likapigwa Bonn, Ujerumani, Oktoba 2021. Programu za namna hii hukisia noti inayoelekea zaidi kufuata zilizotangulia. Rasimu zikiwa chache hazitoshi kuzifunza programu, hivyo hulishwa kazi za zamani, na matokeo yake humfanana msanii wa miaka iliyopita, mwenye mazoea yake. Msanii mkubwa hukumbukwa kwa pale alipoyavunja mazoea hayo. Hili ndilo kosa linalopita bila kusikika, maana muziki wenyewe huwa mtamu.

Mtunzi Mozart alipofariki 1791, mtunzi mwenzake Süssmayr ndiye aliyeimalizia Requiem, yaani misa yake ya wafu, na hadi leo wataalamu hulinganisha miandiko ili kujua mkono wa nani uko wapi. Mashine haina mwandiko. Kwa hiyo piga picha karatasi zote za asili na kuzihifadhi pembeni zisiguswe. Kisha andika daftari la kazi: programu ipi, toleo lipi, ililishwa nini, ilipendekeza nini, nani alikataa na nani alikubali. Noti zilizoongezwa zichapwe kwa rangi tofauti, na jina la marehemu lisikae peke yake kwenye jalada. Warithi waombwe ruhusa kwa maandishi; Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimeweka 70.

Nafasi tupu iachwe. Mwaka 1989 mchoraji wa Marekani Keith Haring alipaka rangi pembe moja tu ya mchoro, akaacha sehemu kubwa wazi, rangi ikichuruzika. Alifariki kwa UKIMWI Februari 1990. Uwazi ule ndio ujumbe, lakini mtu aliujaza kwa akili mnemba na kuusambaza mtandaoni, na wengi waliumia, kwa haki kabisa. Programu haijui pengo la bahati mbaya wala pengo la makusudi.

Mwandishi wa riwaya wa Uingereza Terry Pratchett, aliyefariki 2015, hakutaka kubahatisha: mwaka 2017 diski ya kompyuta yenye kazi zake ambazo hazijakamilika ilisagwa kwa mashine ya kushindilia barabara, kama alivyotaka. Si lazima kufika huko. Msanii aliye hai aandike katika wosia ni mafaili gani yanaweza kumaliziwa, na nani, kama mashine inaruhusiwa kusafisha tu au pia kutunga, na yapi yafutwe.