Uvimbe wa titi hauumi? Njoo hivyo hivyo

Nesi, saratani inaanzia wapi?
Kwenye seli. Kila seli ina DNA, nyuzi mbili zilizosokotana zenye maelekezo ya mwili. Nyuzi hizo hukatika, hata kwa mtu mwenye afya njema. Seli inayojiandaa kugawanyika huwa imeshatoa nakala ya DNA yake. Pakikatika, kila ncha hupunguzwa uzi mmoja ili ubaki uzi wa pili unaoning'inia. Uzi huo unatafuta sehemu inayofanana nao kwenye nakala isiyokatika na kujaza kilichopotea. Jeni (vipande vya DNA) za BRCA1 na BRCA2 ni mafundi wakuu wa kazi hiyo. Zikiwa na hitilafu, seli inaunga ncha kiholela na kugawanyika na makosa yake. Makosa yakirundikana, saratani inaweza kuanza.

Kwetu hakuna mwenye saratani. Niko salama?
Hapana. Wagonjwa wengi wa saratani ya titi hawakurithi hitilafu ya jeni hizo. Na hitilafu hurithiwa kwa baba pia, si kwa mama tu.

Uvimbe wangu hauumi. Nisubiri?
Usisubiri. DNA ikikatika hutahisi kitu, na seli ikigawanyika vibaya hutahisi kitu. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni.

Juzi mama mmoja wa Mbagala alifungua kanga: ngozi ya titi kama ganda la chungwa, chuchu imezama. Mkobani ana kikopo cha mafuta ya mgando kimejaa dawa ya majani. Miezi minane anapaka! Nikamuuliza alikuwa anangoja nini. "Ulikuwa hauniumi, nesi."

Ila wangu ni mdogo, na hauumi kabisa.
Ndiyo maana nakuambia uje sasa, mama yangu, ungali mdogo.

Nikipaka dawa kwanza wiki mbili tatu?
Hakuna cha kupaka kinachorekebisha DNA. Wiki tatu zako nazijua, huishia Krismasi. Nenda kituo cha afya. Wakiona haja watakupa rufaa uchukuliwe kinyama kipimwe.

Mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, si nayo inakata DNA?
Inakata, tena kwa makusudi. Inakata DNA ya seli za saratani kupita uwezo wao wa kuiunga, zikijaribu kugawanyika zinakufa. Seli zenye afya zinazopitiwa na mionzi nazo huumia, ila nyingi hujirekebisha, ndiyo maana dozi hugawanywa siku kwa siku. Ukianza, usiruke siku.