Mashine ya nyasi isiyo na usukani: inageukaje, na kwa nini kwenye ardhi yenye mashimo kiti ni muhimu kuliko injini?

Mpwa wangu wa Tanga alinipigia simu ya video Jumamosi moja nikiwa kazini, nimekaa kivulini napoa. Baada ya shikamoo na marahaba, macho yake yakahamia kwenye mashine iliyokuwa nyuma yangu. "Mjomba, hiyo mbona haina usukani? Unakata kona vipi?" Nikapanda, nikawasha, nikasukuma mkono wa kulia mbele na kuuvuta wa kushoto nyuma. Mashine ikazunguka palepale kama pia. Alicheka hadi simu ikamponyoka.

Tangu siku ile nimelijibu swali lake mara nyingi, na si kwa watoto tu. Huku Kansas, Marekani, Waswahili wenzangu wananunua nyumba nje kidogo ya mji na kujikuta na ekari tatu au tano za nyasi. Wanakwenda dukani kutafuta mashine hiihii, inayoitwa zirotani, yaani ya kugeuka bila kusogea, na wanatoka na ile yenye injini kubwa kuliko zote. Baada ya mwezi mmoja wananiuliza mbona kiuno kinawauma.

Mwangalie mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Akitaka kwenda mbele, anasukuma magurudumu yote mawili makubwa kwa nguvu sawa. Akitaka kuelekea kushoto, anaongeza nguvu upande wa kulia. Akitaka kugeuka alipo, anasukuma moja mbele na kulivuta jingine nyuma. Vile vigurudumu vidogo vya mbele havina kauli, vinafuata tu. Zirotani ni kiti hicho kilichopewa injini na visu. Mikono miwili iliyo mbele ya dereva, mmoja kila upande, inaamuru magurudumu mawili ya nyuma, kila mmoja na lake.

Siri yenyewe imo kwenye oili. Kila gurudumu la nyuma lina pampu yake na mota yake ya haidroliki, na injini inazizungusha pampu zote mbili kwa mkanda. Ndani ya pampu mna pistoni ndogo zinazozunguka huku zikiegemea sahani ya chuma. Sahani ikikaa sawa, pistoni hazisukumi chochote na gurudumu linatulia. Ukisukuma mkono kidogo, sahani inainama kidogo, pistoni zinaanza kwenda mbele na nyuma, oili inakimbilia kwenye mota na gurudumu linazunguka. Ukiuvuta mkono nyuma, sahani inainamia upande wa pili, oili inageuza njia, na gurudumu nalo linarudi nyuma. Hakuna klachi ya kukanyaga wala gia ya kubadilisha. Ndiyo maana vidole viwili vinatosha kuiendesha mashine nzito kama ng'ombe.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kuiunda ni John Regier, mwaka 1963, hapahapa Kansas, na mashine yake ikauzwa kwa jina la Hustler. Mashine ya kwanza kabisa ya kukatia nyasi za uwanja ilikuwa imekwishatangulia zamani: Edwin Budding, Mwingereza, aliiandikia hataza mwaka 1830, nayo ilikuwa ya kusukuma kwa mikono.

Sasa rudi kwenye vile vigurudumu vya mbele visivyo na kauli, maana hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye trekta dogo la nyasi, magurudumu ya mbele yanashika usukani hata ya nyuma yakiteleza. Kwenye zirotani, magurudumu mawili ya nyuma ndiyo mwendo, ndiyo usukani, ndiyo breki. Ukishuka mteremko, uzito unahamia mbele na ya nyuma yanakuwa mepesi. Yakiteleza kwenye umande, vyote vitatu vinapotea kwa mara moja. Yalinikuta msimu wangu wa kwanza, asubuhi, kwenye nyasi zinazoteremkia bwawani. Nilivuta mikono yote miwili nyuma na mashine ikaendelea kushuka kana kwamba sikufanya kitu. Kilichoniokoa ni rundo la udongo uliofukuliwa na fuko: vigurudumu vya mbele vilizama humo, nami nikabaki nimekaa nikiyatazama maji.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, pima mteremko. Chukua ubao wa mita 1 na pimamaji. Weka ncha moja ya ubao kwenye nyasi upande wa juu, kisha inua ile ya chini hadi pimamaji ikuambie ubao umelala sawa. Pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Likizidi sentimita 27, mteremko umepita nyuzi 15, na vitabu vya watengenezaji wengi vinakuambia usiukaribie. Vingine vinakomea nyuzi 10. Sehemu kubwa ya shamba lako ikiwa hivyo, usinunue zirotani, na kabla ya kununua hata trekta dogo la nyasi, soma kitabu chake kinakomea nyuzi ngapi. Ikiwa ni kipande tu, usikipitishie zirotani. Kando ya bwawa au mtaro, acha nafasi ya upana wa mashine mbili. Tao la chuma nyuma ya kiti lisimamishwe muda wote na mkanda ufungwe. Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu dereva akiangukiwa na mashine hii hawezi kuiinua peke yake.

Mteremko umeisha, tuje kwenye mashimo. Nyasi nyingi za nje ya mji huku zilikuwa malisho. Kwato za ng'ombe zilikanyaga udongo ukiwa tope, ukakauka na alama zake. Mafuko wanafukua mirundo usiku kucha. Udongo wa mfinyanzi unapasuka kiangazi, na baridi ya miezi ya Desemba hadi Februari inaugandisha, kuuyeyusha na kuugandisha tena, hadi ardhi inainuka hapa na kudidimia pale. Ukisimama barabarani unaona zulia la kijani. Ukipanda mashine unagundua unaendesha juu ya karai lililopinduliwa, kisha jingine, kisha jingine.

Vigurudumu vya mbele ni vidogo, na gurudumu dogo huzama pale ambapo kubwa lingepita juu. Kikizama kimoja, fremu nzima inainama, na wewe uliyekaa karibu kabisa na magurudumu ya nyuma unarushwa. Mbaya zaidi, mikono yako imeshika usukani wenyewe. Mwili ukirushwa, mikono inasukumwa, mashine inayumba, mwili unarushwa tena. Utafanya nini? Utapunguza mwendo. Hapo ndipo hesabu ya muuzaji inapoharibika.

Mimi nakata uwanja wa kanisa wa ekari 6, yaani kama mita za mraba 24,300. Deki, lile ganda la chuma linalofunika visu, ni la inchi 52, takriban sentimita 132. Ukiacha kidogo kwa kupishanisha mistari, kila mpito unakata mita 1.2. Kwa kilomita 12 kwa saa, kama karatasi ya mauzo inavyojigamba, kazi inaisha kwa saa 1 na dakika 40. Lakini kwenye mashine ya kawaida isiyo na springi, pale kanisani sikuweza kuvuka kilomita 6, na kazi ikala saa 3 na dakika 20. Ungesema basi chukua deki la inchi 60. Nimepiga hesabu: kwa mwendo uleule wa kilomita 6, linakupa kama saa 2 na dakika 50. Deki lilelile la inchi 52 kwenye mashine yenye springi, inayokuruhusu kwenda kilomita 9 bila kung'ata meno, linamaliza kwa saa 2 na robo. Dogo lenye springi limelishinda kubwa lisilo nazo, na mgongo umebaki wako.

Hilo ndilo ninalowaambia wote: kwenye ardhi mbovu, mwendo wako hauwekwi na injini, unawekwa na kiuno chako. Anza na kiti.

Kuna njia tatu za kuulinda mwili, na zinatofautiana sana. Ya kwanza ni kiti chenyewe kuwekewa springi. Ni ya bei nafuu kuliko zote na inasaidia, ila miguu yako bado iko kwenye bati linalotetemeka. Ya pili ni kuning'iniza jukwaa zima la dereva, kiti pamoja na pa kuweka miguu, juu ya springi na shokapu. Kampuni ya Toro, watengenezaji wa mashine hizi, wanaiita MyRide. Ya tatu ni kuyawekea magurudumu yenyewe springi na shokapu kama gari, jambo ambalo kampuni nyingine, Ferris, wamejijengea jina kwalo. Hii ya tatu ndiyo ghali, na ndiyo pekee inayosaidia magurudumu yabaki yamegusa ardhi badala ya kuruka. Gurudumu lililo hewani halisukumi wala halifungi breki, kwa hiyo hapa starehe na usalama ni kitu kimoja.

Matairi yafuate. Tazama vya mbele kwanza: vikubwa na vipana zaidi, afadhali zaidi. Matairi magumu yasiyotoboka yanavutia panapokuwa na miiba, lakini yanapeleka kila tetemeko mgongoni. Mimi nimebaki na ya upepo na naweka upepo kama kitabu kinavyosema. Jirani yangu mmoja aliyajaza hadi yakawa kama mawe, akailaumu mashine majira yote ya joto.

Halafu deki. Upana una ubaya wake: deki pana linatanda juu ya tuta kama meza, tuta linainukia katikati, na visu vinanyoa nyasi hadi udongo unaonekana. Viroda vidogo vilivyofungwa chini ya deki huliinua kidogo linapogusa, hesabu vipo vingapi. Kwa uwanja wa mabonde madogomadogo nisingevuka inchi 54, na ningekata kwa urefu wa sentimita 8 au 9 badala ya kunyoa. Kuhusu unene wa bati, angalia usidanganyike na namba, maana geji inahesabiwa kinyumenyume: geji 10 ni kama milimita 3.4, na geji 7, yenye namba ndogo, ni kama milimita 4.6. Unene huo si pambo. Kanuni za viwango za Marekani zinakataza ncha ya kisu kuzidi futi 19,000 kwa dakika, ambazo ni karibu kilomita 347 kwa saa, na visu vingi vinazunguka si mbali na hapo. Jiwe la ukubwa wa limau likipigwa na kisu hicho, kinachosimama kati yake na mguu wako ni bati hilo. Deki la kuchomelewa kwa vipande vya chuma kinene huvumilia zaidi ya lile lililofinyangwa kwa bati moja jembamba.

Injini nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kwa deki la inchi 52, nguvu farasi ishirini na kitu zinatosha. Ulizia badala yake boksi la haidroliki: kwenye mashine za bei ya chini limefungwa moja kwa moja, halina filta ya kubadilisha, na likichoka unanunua jingine. Mashine za nyumbani huanzia kama dola 3,000, za wenye kazi zao hupita 10,000 bila shida. Katikati ya hapo, na hata kwenye zilizotumika, ndimo mtu mwenye ekari tano anapaswa kutafuta.

Usinunue kwa kuizungusha kwenye lami ya duka, kwa sababu kwenye lami zote ni nzuri. Omba uijaribu kwenye nyasi, au muuzaji ailete kwako. Mimi hufanya hivi: nachagua mstari mbaya kuliko yote, naendesha polepole kwenda na kurudi, kisha naongeza mwendo hadi mikono inapoanza kuyumba yenyewe. Mwendo huo ndio mwendo halisi wa mashine kwenye shamba langu. Na kabla ya kulipa maelfu, fikiria udongo: mashimo madogo hujazwa kwa tabaka la sentimita moja hivi kwa msimu, nyasi zikipenya juu yake bila kufa. Kanisani tumefanya hivyo miaka miwili mfululizo upande wa mashariki, na sasa upande ule napita kwa kilomita 10.

Mpwa wangu alirudi na swali la pili: je, ingefaa uwanja wa mpira wa shule yao? Nikamwambia ukoka uliolala sawa ingeukata vizuri sana, lakini mawe na visiki vingevunja visu siku ya kwanza, na pengine mguu wa mtu. Waupite uwanja kwa miguu kwanza. Wiki iliyofuata akanitumia picha: ndoo mbili za mawe, na kisiki cha mwembe karibu na kibendera cha kona. Nikamjibu waanze na kisiki.