Linux haijui jina lako, inajua namba: dhana potofu za UID (namba ya yuza) na GID (namba ya grupu)

Eti root, yule yuza mkuu wa mfumo, ana nguvu kwa sababu anaitwa root. Wapi! Nguvu iko kwenye UID yake, namba 0, hilo jina limewekwa kwa ajili yetu sisi binadamu. Yuza yeyote kwenye /etc/passwd (faili lenye orodha ya mayuza) mwenye UID 0 ni bosi hata akiitwa juma, na FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, inakuja kabisa na akaunti ya pili inaitwa toor, nayo 0. Kwa hiyo ukikagua seva usihangaike na jina, angalia 0 ziko ngapi.

Eti ukimfuta yuza, mafaili yake yameenda naye. Hapa ndo watu wanaumia. Faili kwenye diski haliandikwi jina la mwenyewe, linaandikwa namba, tuseme 1003, sasa ukifuta akaunti yale mafaili aliyoacha nje ya home yake (folda lake binafsi) yanabaki palepale na ukipiga ls -l kuyaorodhesha, pale pa jina unakuta 1003 kavu. Kesho unamsajili mfanyakazi mpya, na kama huyo 1003 ndo alikuwa wa mwisho basi useradd (amri ya kuongeza yuza) inaigawa upya namba ileile, mgeni anarithi mafaili ya mtu asiyemjua na hakuna aliyempa. Piga find / -nouser uyaone kabla hujamsajili mtu.

Na hiyohiyo inakuja kwenye diski ya kuchomoa yenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux unaotunza hizo namba. Ubuntu yuza wa kwanza ni 1000, kwa jirani yako mwenye Ubuntu pia ni 1000, akiichomeka kwake anafungua kila kitu chako kama chake. Hata asipokuwa 1000 ana sudo yake, amri ya kufanya kazi kama root. Unataka siri, weka enkripshen, chmod 600 (ruhusa kwa mwenye faili peke yake) haitakusaidia kitu.

Eti kuwa kwenye grupu kunakuongezea ruhusa tu. Si mara zote, kerneli (kiini cha Linux) inaanza kuuliza kama wewe ndo mwenye faili, ukiwa ndiye inatumia ruhusa za mwenyewe na haiendelei, kwa hiyo faili lenye 070 (mwenyewe hana ruhusa, grupu lina zote) grupu zima linasoma, mwenye faili anakataliwa. Kachekesho lakini ndo ilivyo.

Eti ukiongezwa grupu inafanya kazi hapohapo. Toka, ulogini upya. Na usermod -G (amri ya kumpangia yuza magrupu) bila -a haiongezi, inafuta magrupu yako mengine ya ziada yote, la sudo likiwemo.