"Nimembadilishia Vyakula Vyote": Dhana Potofu Kuhusu Mbwa Mdogo Asiyetulia Tumbo

Mbwa ni Maltese, Shih Tzu, Yorkie au Japanese Spitz, wa kati ya miezi minane na miaka mitatu. Anaruka, anabweka, macho yanang'aa, lakini choo kinashika siku mbili na ya tatu kinakuwa uji. Mwenyewe anaingia kliniki na majina ya vyakula vitano au sita na sentensi ile ile: "Daktari, nimembadilishia vyakula vyote, hakuna kinachomkubali." Sentensi hiyo ndiyo inayochelewesha nafuu ya mbwa wengi hapa Nairobi, kwa hiyo nitakaa nayo. Dhana nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: "Nimejaribu vyakula vyote"

Ukweli ni kwamba hujajaribu hata kimoja. Umemwonjesha.

Tumbo likisumbua kwa zaidi ya wiki 3, iwe mfululizo au kwa kurudirudi, na minyoo na Giardia (kijidudu cha utumbo) vimeshashughulikiwa, jambo la kwanza la kushuku kwa mbwa mchanga ni utumbo unaokerwa na chakula. Ukuta wa utumbo umevimba. Ukiondoa kinachoukera, unatulia, mara nyingi bila dawa yoyote. Ila unahitaji muda. Wengi wa mbwa hawa huonyesha nafuu ndani ya wiki 2. Anayebadilisha chakula kila siku ya nne hafiki huko. Isitoshe, kubadilisha ghafla kunamharisha hata mbwa mzima wa afya, basi chakula kipya kinabeba lawama isiyo yake, mfuko unapewa jirani, kinaletwa kingine, na kuhara kunaanza upya.

Halafu vyakula hivyo vitano, ukivichunguza, mara nyingi ni kimoja katika mifuko mitano. Geuza mfuko usome nyuma. Mbele pameandikwa kondoo na wali. Kwenye orodha ya viungo unakuta unga wa kuku na mafuta ya kuku. Protini zinazotajwa sana katika mzio wa chakula wa mbwa ni ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Mbwa wetu amekula kuku na ng'ombe tangu aachishwe kunyonya. Kumtoa kwenye kuku wa kampuni hii na kumpeleka kwenye kuku wa kampuni ile hakupimi chochote.

Jaribio lenyewe liko hivi. Chagua kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni chakula cha protini iliyohaidrolaiziwa, yaani iliyokatwakatwa vipande vidogo mno hata kinga ya mwili isivitambue. Kinaagizwa kutoka nje na bei yake inauma, lakini mbwa wa kilo 3 anakaa na mfuko wa kilo 2 karibu mwezi mzima. Cha pili ni protini ambayo hajawahi kuila; kwa hapa, sungura au tilapia aliyetolewa miiba yote, achemshwe na viazi vitamu, bila chumvi, bila mafuta ya kupikia, na bila kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu hivyo viwili huharibu seli nyekundu za damu ya mbwa. Mlo huu wa nyumbani ni wa wiki chache tu, na wa mbwa aliyemaliza kukua. Anayekua mpe cha mfuko.

Changanya polepole kwa siku 5 hadi 7: robo, nusu, robo tatu. Wiki 2 zinaanza kuhesabiwa siku ile chakula cha zamani kimetoka kabisa kwenye bakuli.

Pima kwa mizani ya jikoni, kikombe hakiaminiki. Mbwa wa kilo 3 aliyekomaa na kuhasiwa anahitaji takriban kalori 250 kwa siku. Vyakula vikavu vingi vina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo ni kama gramu 65 hadi 70, zigawanywe mara tatu. Kumshindilia kwenyewe kunalainisha choo.

Sasa tuje kwa watu wa nyumbani, maana hapa ndipo majaribio mengi yanapofia. Dada anamtupia tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi. Mtoto anagawana naye smokie. Askari wa geti ana chapati yake na moyo mwema, na chapati moja nene inaweza kubeba kalori zinazokaribia mahitaji ya mbwa huyu ya siku nzima. Kipande kimoja kinatosha kukurudisha nyuma, na hutajua kilichotokea. Hesabu pia tembe za kutafuna za viroboto na minyoo zenye ladha ya nyama, dawa ya meno ya mbwa, na vile vijiti vya ngozi vinavyouzwa kama mifupa. Muulize daktari aina isiyo na ladha kabla hujaanza. Bandika karatasi kwenye friji na nyingine getini. Ukitaka kumzawadia, toa punje kumi kwenye gramu zake za siku hiyo.

Andika kila siku: ameenda choo mara ngapi, ugumu kwa kipimo cha 1 hadi 7 (2 na 3 ni vizuri, 7 ni maji), kamasi, damu, matapishi. Mpime uzito kila wiki. Gramu 200 ni kitu kidogo kwako, lakini kwa mbwa wa kilo 3 ni karibu asilimia 7 ya mwili wake.

Akipata nafuu, usikimbilie kurudisha mambo ya zamani. Endelea hadi wiki 12 hivi, kisha ongeza kitu kimoja kwa wakati: kuku mtupu kwa wiki moja au mbili, atulie, ndipo ng'ombe. Wiki 2 za kweli zikiisha bila mabadiliko, bado kuna mlo wa aina nyingine wa kujaribu, wenye mafuta kidogo au nyuzi nyingi, kabla ya kufikiria steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe.

Dhana: "Flagyl ndiyo dawa ya kuharisha"

Hii nayo inanichosha. Flagyl ni jina la biashara la metronidazoli, na vidonge vyake vya binadamu vinavyouzwa hapa ni vya miligramu 200 na 400. Nusu ya kidonge cha 200, asubuhi na jioni, kwa mbwa wa kilo 3 ni miligramu 67 kwa kila kilo kwa siku. Sumu kwenye neva hutokea zaidi dozi ikipita miligramu 60 kwa kilo kwa siku: anayumba, kichwa kinainama upande, macho yanachezacheza. Na hapo ni nusu tu. Wapo wanaompa kizima.

Wengi huamini imefanya kazi kwa sababu kuhara kwa ghafla huisha kwenyewe baada ya siku chache, dawa au bila dawa. Kwa tumbo la muda mrefu, choo kinashika akiwa kwenye dawa na kulegea tena ikiisha, huku bakteria wazuri wa utumbo wamevurugwa kwa wiki kadhaa. Kuna ugonjwa unaotaka antibiotiki kweli, kwa mfano ule uvimbe wa utumbo mpana wa Boxer na French Bulldog unaosababishwa na bakteria wa E. coli waliojipenyeza ndani ya ukuta, lakini huo unathibitishwa kwa kipande cha nyama ya utumbo, na Flagyl si dawa yake.

Dhana: "Ni minyoo tu, mpe dawa tena"

Dawa ya kawaida ya agrovet yenye pyrantel na praziquantel haigusi Giardia, hata umpe kila wiki. Giardia hutibiwa kwa fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo, mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 5. Siku ya mwisho mwogeshe vizuri, hasa manyoya ya nyuma, na ufue matandiko yake, la sivyo anajilamba na kuambukizwa upya. Minyoo mjeledi nao hutoa mayai kwa vipindi, ndiyo maana choo cha siku moja kikisomwa "safi" hakimalizi mjadala.

Dhana: "Wali na kuku hauna madhara, anaweza kula maisha yake yote"

Siku tatu, sawa. Miezi mitatu, hapana. Nyama ina fosforasi nyingi mno kulinganisha na kalsiamu, na mtoto wa mbwa anayeishi kwa mlo huo mwili wake unaanza kutoa kalsiamu mifupani, hadi mguu unavunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Na kama tatizo lake ni kuku, unampikia ugonjwa kila jioni.

Dhana: "Mnyime chakula siku nzima tumbo lipumzike"

Mbwa mdogo wa miezi michache sukari yake ya damu inashuka upesi. Anatetemeka, analegea, anaweza kupata degedege. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano. Na yule mkubwa anayetapika povu la njano alfajiri kabla ya kula, mara nyingi dawa yake ni kumwekea sehemu ya chakula chake saa nne usiku.

Dhana: "Ugali ndio unaomharibu tumbo"

Mahindi si mshukiwa mkuu. Ninachoogopa ni unga wa mbwa wa bei ya kutupa uliosagwa kwa mahindi yenye ukungu, kwa sababu aflatoksini, sumu ya ukungu huo, huua ini la mbwa.

Dhana: "Mbwa hawa wadogo matumbo yao ni dhaifu, ndivyo walivyo"

Hapana. Yorkie anayekonda huku tumbo likijaa maji anapoteza protini kupitia utumbo. Pima albumini, protini ya kwenye damu, kabla ya kujaribu chochote. Yorkie au Maltese mdogo wa umbo kuliko ndugu zake, anayetapika na kuzubaa baada ya kula, huenda ana mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini. Pima asidi za nyongo kwenye damu kabla ya mlo na saa 2 baadaye. Anayezidiwa na kupata nafuu bila mpangilio, hasa akipata msukosuko kama wa safari au wageni, apimwe homoni ya kotisoli kwa ajili ya ugonjwa wa Addison, ambapo mwili hauitengenezi ya kutosha. Vitamini B12 nayo ipimwe. Ikiwa chini, mbwa wa chini ya kilo 10 hupewa mikrogramu 250 kwa mdomo kila siku, na bila hiyo hata mlo sahihi unaweza kuonekana umeshindwa.

Damu nyingi inayotoka kama jemu nyekundu, kutapika hata maji, au mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo ya parvo anayekataa kula: huyo analetwa leo hii. Kwa wengine wote, njoo na choo cha asubuhi tatu ndani ya siku tano, kila kimoja kwenye kikopo chake chenye tarehe, vikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa mbali na chakula, pamoja na picha ya nyuma ya kila mfuko wa chakula ulionao nyumbani.