Mashine "kukubali" ni nini hasa?

"Anko, hii itakubali Mac?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Kondele, Kisumu, kompyuta ikiwa imelazwa ubavu mezani, kifuniko wazi. Aliiunga mwenyewe: ubao mama na prosesa ya Core i5-6500 vilitoka kwenye mashine ya ofisi ya ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, pawa saplai alinunua mpya, na kadi ya picha ya GTX 1650 aliidundulizia miezi kadhaa. Kazi yake ni video za harusi. Alitaka Final Cut Pro, programu ya kuhariri video, na kwenye kompyuta hiyo haifanyi kazi popote ila kwenye macOS, programu kuu inayoendesha kompyuta za Mac za Apple.

Kukubali ndilo neno letu la kila siku. Simu imekubali laini, printa imekataa karatasi. Vitabuni wanasema utangamano wa maunzi, yaani vyuma vya kompyuta kuelewana na mfumo endeshi unaotaka kuuweka. Mimi nalipenda hili la mtaani, ila lina kasoro: linaifanya kompyuta ionekane kama mtu mmoja mwenye msimamo mmoja. Mashine ya kuunga ni wajumbe waliokusanywa kutoka kila upande, na kila mjumbe huulizwa kivyake.

Halafu kuna kukataa kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Chukua Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta, na kwa Intel inataka, kwa jumla, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi za kizazi cha 7 huzuiwa mlangoni, lakini zikiingizwa kwa dirishani zinachapa kazi kama kawaida. Huko ni kukataa kwa amri. Lilipokuja toleo la 24H2 mwaka 2024, likahitaji agizo la prosesa liitwalo POPCNT, ambalo Core 2 Duo za zamani hazikuzaliwa nalo. Hapo hakuna dirisha, mfumo hauwaki. Huko ni kukataa kwa kushindwa. Ukiambiwa mfumo "hautambuliwi rasmi" kwenye mashine yako, umeambiwa tu kwamba mtengenezaji hakutoa ahadi. Ni kazi yako kujua unapambana na amri au na uwezo.

Kwa macOS amri ipo, tena imeandikwa: leseni ya Apple inauruhusu mfumo huo kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple pekee. Nilimwambia kijana mapema, ajue anachoingia. Uwezo nao una historia yake. Tangu 2006 Apple iliuza Mac zenye prosesa za Intel, ndugu wa hizi tunazonunua kwenye maduka ya mitumba, na ndiyo maana watu waliweza kuunga kile kinachoitwa Hackintosh, kompyuta isiyo ya Apple inayoendeshwa na macOS. Mwaka 2020 ikaanza kuhamia chipu zake yenyewe, na Juni 2025 ikatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Anayeanza leo anapanda gari linalokaribia stendi.

Sasa, wajumbe wanaulizwaje? Stika ya kwenye boksi usiihesabu, na maneno ya muuzaji vilevile. Tuliwasha Linux, mfumo endeshi mwingine, kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote kwenye diski, tukaandika lspci -nn. Amri hiyo huorodhesha chipu, na karibu na mwisho wa kila mstari kuna namba mbili kwenye mabano: ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya chipu yenyewe. 8086 ni Intel, jina la prosesa yao ya 1978. 1002 ni AMD, 10de ni Nvidia. Ukishapata namba hizo, unatafuta kama kuna draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia chipu hiyo, kwenye toleo la mfumo unalolitaka. Toleo ni muhimu kama chipu yenyewe, kwa sababu kilichokubaliwa mwaka juzi kinaweza kuwa kimeondolewa mwaka huu.

Tukasoma mstari kwa mstari. 8086:1912, picha za ndani ya prosesa, HD 530: inakubali hadi macOS Monterey ya 2021, na kuanzia toleo lililofuata, Ventura, inabidi ijifanye chipu nyingine. 10ec:8168, mtandao wa waya wa Realtek: inakubali kwa draiva ya nyongeza. Sauti nayo ni hivyohivyo. Kisha 10de:1f82.

"Hiyo ndiyo kadi yangu," akasema, akitabasamu.

Ndiyo hiyo iliyokataa. GTX 1650 haikuwahi kupata draiva ya macOS, hata toleo moja. Kadi za Nvidia za kizazi kilichotangulia zilikomea macOS High Sierra ya 2017. Kukosa draiva ni kukataa kwa kushindwa, na hakuna ujanja wa kuandika jina bandia utakaoileta. Kwenye mashine nzima, kifaa ghali kuliko vyote ndicho pekee kisichokuwa na njia. Angenunua RX 580 ya AMD, nayo ya mtumba, macOS ingeipokea bila maneno. Nilimwona akipiga hesabu kimyakimya, nikanyamaza nami.

Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB sikuijadili sana. Vuta waya.

Tulichomoa kadi, tukabaki na HD 530, tukaweka OpenCore, programu inayoamka kabla ya mfumo na kuitambulisha mashine kuwa ni iMac17,1, mojawapo ya kompyuta za Apple. Jioni ya pili Monterey ikawaka. Kuwaka, hata hivyo, ni daraja la kwanza tu. Nikamwambia acheze wimbo, achomeke kamera, ahariri harusi nzima na kuitoa iwe faili la video, kisha ailaze mashine na kuiamsha. Akagundua kwamba matoleo mapya ya Final Cut yanadai macOS mpya kuliko aliyonayo, hivyo anatumia la zamani. Kuitoa video huchukua muda mrefu kuliko alivyotarajia. Kadi aliiuza kwa kijana wa magemu.

Kulala ndiko kumekataa hadi leo. Ukiilaza, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, na dawa ni kuizima kwa kitufe. Ameandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kasha: USILAZE.